Papa hupoteza meno, hung'olewa au hung'oka?

Swali: Mwanangu wa darasa la 5 aliandika kwenye insha yake, "Papa hupoteza meno kila mara." Mwalimu akakata "hupoteza", akaandika "hung'olewa". Mimi naona yote mawili hayajakaa sawa. Lipi sahihi?

Jibu: Umeona vyema. Kitenzi chenyewe ni kung'oka. Papa hung'oka meno kama mtoto wa miaka 6 anavyong'oka: jino linacheza siku mbili tatu, kisha anauma muwa, linabaki humo. Hakuna aliyelivuta, ndiyo maana tukatumia -ka. Ukisema "hung'olewa" umeshamleta mtu na koleo.

"Kupoteza meno" limezagaa magazetini, lakini silikubali. Kitu kilichopotea hutafutwa. Jino lililong'oka nani analitafuta?

Kwa papa, hiyo -ka inamkaa hasa. Meno yake hayana mizizi iliyozama kwenye utaya kama yetu. Yameshikwa na ufizi tu. Aking'ata windo lenye mfupa mgumu, jino hutoka kirahisi.

Neno la kuangalia zaidi ni kuota. Chukua utaya wa papa uliokaushwa, ugeuze uutazame kwa ndani. Nyuma ya meno ya mbele kuna safu nyingine, na nyingine tena, yale ya ndani kabisa yakiwa yamelala. Meno huota huko ndani, kisha husogea mbele taratibu pamoja na ufizi. Kwa baadhi ya papa safu ya mbele hubadilika kwa siku 10 hivi, kwa wengine huchukua miezi, na hali huwa hiyo hiyo maisha yake yote. Maelfu ya meno! Papa hazeeki akawa kibogoyo.

Basi "jino jipya huota palipong'oka la zamani" ni sentensi inayomfaa mtoto wako, si papa, tena kwa meno ya utotoni tu, maana sisi tunabadilisha mara moja. Kwa papa, jino jipya lilikwisha kuota zamani, likawa linangoja zamu.

Mwanao aandike hivi: "Papa aking'oka jino, la nyuma yake husogea mbele likashika nafasi." Azingatie ni "la nyuma", si "ya nyuma", kwa kuwa linalosogea ni jino.