Ukungu mweupe kwenye kingo za nembo

Mkuu, umeuliza kwa nini nembo uliyoikata kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha) inatoka na mstari mweupe ukiichapa kwenye fulana nyeusi pale Kariakoo, wakati mistari inayochezacheza kuzunguka sehemu iliyoteuliwa ilionyesha umeteua vizuri mandharinyuma ya kufuta.

Tatizo ni hiyo mistari yenyewe. Kila pikseli (kinukta cha picha) huteuliwa kwa kiwango, kuanzia 0 hadi 255, si ndiyo au hapana tu. Mistari huchorwa pale kiwango kinapofika nusu. Kwa hiyo pikseli ya ukingoni iliyoteuliwa asilimia 40 iko nje ya mistari, lakini imo kwenye uteuzi. Ukifuta, inapoteza asilimia 40 ya uzito wake. Asilimia 60 inabaki, tena imechanganyika na weupe wa mandharinyuma ya zamani. Kwenye skrini nyeupe huioni kabisa! Weka leya (tabaka la picha) nyeusi chini ya nembo, kuza hadi asilimia 800, utauona ukungu wote.

Usirudie kwa fimbo ya kuteulia, ile inayoteua rangi zinazofanana kwa mbofyo mmoja. Geuza alfa ya leya (kiwango cha kuonekana kwa kila pikseli) kuwa uteuzi (kwenye Photoshop, shika Ctrl ubofye kipicha cha leya), punguza uteuzi kwa pikseli 1, geuza uteuzi kinyume, kisha futa. Kwa fulana mimi napendelea zaidi kuikata alfa kwa kizingiti, kila pikseli iwepo nzima au isiwepo, maana wino mweupe unaotangulia chini hauelewani na pikseli nusu-nusu.

Na tafadhali hifadhi kwa PNG. JPEG haibebi uwazi hata kidogo.