Maswali ya Wasomaji: Je, Mtindo wa Studio Hutokana na Taifa Lake?

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa usanifu wa michoro. Tunafundishwa kwamba kazi za Uswisi ni za mistari iliyonyooka na nafasi tupu, na za Poland ni za brashi na mafumbo. Je, tofauti hizi hutokana na hulka za watu wa nchi hizo? Nikiajiriwa na studio ya ugenini, nitalazimika kubadili mkono wangu?

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti hizo zipo kweli, lakini sikubaliani hata kidogo na wanaozieleza kwa hulka ya taifa. Ukitaka kujua kwa nini studio za nchi fulani zilichora zilivyochora, tafuta kwanza ni nani aliyekuwa akiagiza kazi na kuilipia.

Nchini Poland, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mabango ya filamu yaliagizwa na mashirika ya serikali, ambayo hayakushindana na yeyote kuuza tiketi, kwa hiyo hapakuwa na wa kudai kwamba sura ya mwigizaji maarufu ijaze karatasi nzima. Wachoraji kama Henryk Tomaszewski walipata nafasi ya kuifumba filamu nzima ndani ya alama moja, na mara nyingi hata herufi walizichora kwa mkono. Uhuru huo ulikuwa na mipaka, kwani wakaguzi wa serikali walikuwapo, na nadhani mafumbo yale yalinolewa na hali hiyo pia.

Uswisi ina lugha nne za taifa, na jambo hilo huonekana kwenye ukurasa wenyewe. Litazame jarida la usanifu la Uswisi, Neue Grafik, lililochapishwa kati ya mwaka 1958 na 1965: ukurasa umegawanywa katika safu nne, na maandishi yamepangwa kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa. Habari ile ile haichukui nafasi sawa katika lugha tatu. Moja huisha mapema, nyingine hushuka hadi chini, na bila gridi madhubuti, yaani mistari isiyoonekana inayogawa ukurasa na kupanga maandishi, ukurasa ungevurugika. Ule unyoofu unaousifu ulikuwa, kwa sehemu kubwa, jibu la tatizo hilo la kazi.

Kuhusu mkono wako, sioni sababu ya hofu. Kinachobadilika zaidi ni namna ya kukutana na mteja. Katika Pentagram, studio ya usanifu iliyoanzishwa London mwaka 1972 na wabia watano, mbia anayebuni ndiye anayezungumza na mteja, ilhali kampuni nyingi za matangazo humweka ofisa wa kuhudumia wateja katikati. Wapo wabunifu wanaotarajiwa kumletea mteja mapendekezo matatu. Paul Rand wa Marekani, alipobuni nembo ya kampuni ya kompyuta ya NeXT mwaka 1986 kwa dola 100,000, alileta pendekezo moja tu, pamoja na kijitabu kilichoeleza hatua kwa hatua jinsi alivyolifikia.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, waulize ni nani hukaa na mteja, mapendekezo mangapi huwasilishwa, na nani ana neno la mwisho mteja anapokataa.