Mchezaji Mmoja, Jezi za Mataifa Matatu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Peter Šťastný, mchezaji wa hoki ya barafuni, aliwahi kuzichezea timu za taifa za Czechoslovakia, Kanada na Slovakia. Yawezekanaje mtu mmoja kuvaa jezi za mataifa matatu, na je, ni kweli kwamba alitoroka kwao?

JIBU: Ni kweli, alitoroka. Šťastný alizaliwa Bratislava, upande wa Slovakia wa nchi iliyoitwa Czechoslovakia, mwaka 1956, na akiwa na Czechoslovakia alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1976 na 1977. Serikali ya kikomunisti haikuwaachia wachezaji kwenda ng'ambo wapendavyo; ndiyo maana mwezi Agosti 1980, klabu yake ya Slovan Bratislava ilipokuwa Innsbruck, Austria, kwa mashindano ya klabu za Ulaya, yeye na mdogo wake Anton waliihama kwa siri na kujiunga na Quebec Nordiques ya Kanada. Mkewe, aliyekuwa mjamzito, aliondoka pamoja naye.

Katika msimu wake wa kwanza alipata pointi 109, yaani mabao na pasi za mabao kwa jumla, akatunukiwa Tuzo ya Calder, ambayo hupewa mchezaji mpya bora wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini. Takwimu hizo hunukuliwa sana, lakini kwa maoni yangu aliyeonja uchungu wa uhamaji ule kuliko wote ni kaka yao Marián, ambaye alikuwa na mke na watoto na kwa hiyo akabaki nyumbani, ambako alipigwa marufuku kucheza hadi mwaka 1981, alipofaulu kutoroka na familia yake na kuwafuata nduguze Quebec.

Kuhusu jezi, Šťastný alipata uraia wa Kanada, akaiwakilisha katika Kombe la Kanada la mwaka 1984. Jezi ya tatu haikutokana na kuhama tena: Czechoslovakia iligawanyika, Slovakia ikawa dola huru tarehe 1 Januari 1993, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 37, alibeba bendera ya taifa hilo changa katika Olimpiki ya Lillehammer. Baadaye aliiwakilisha pia katika Bunge la Ulaya, kuanzia 2004 hadi 2014. Wanawe Yan na Paul, waliozaliwa mjini Quebec, wao waliichezea Marekani, kwa hiyo ukihesabu familia nzima, jezi ni nne.