Maswali Yenu: Seva za mbio, pingi na programu ambazo sio za wenye gemu

Swali: Niaje wakubwa. Nacheza Assetto Corsa, ile gemu ya mbio za magari, kwa laptopu hapa Roysambu na ile orodha ya seva, zile kompyuta za mtandaoni watu wanashindania, inayokuja na gemu yenyewe imenichosha, inazunguka tu, alafu nikipata seva iko na watu nikibonyeza inakataa ati sina gari fulani. Maboyz wananiambia niweke Content Manager, programu ya kufungulia gemu na kutafutia seva, lakini naona sio ya wenye gemu, si nitafungiwa akaunti? Na pingi, ule muda ujumbe unachukua kwenda kwa seva na kurudi, itashuka ama hiyo ni stori tu?

Jibu: Kaka weka, na usiogope. Assetto Corsa ilitolewa na Kunos Simulazioni wa Italia 2014, na Content Manager ni kazi ya mtu wa nje ambaye alipenda hiyo gemu akaona menyu yake haitoshi. Haigusi nguvu ya gari lako wala haikupi mbio za bure, inafungua tu gemu yako halali ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ikiwa na menyu nyingine. Seva nyingi saa hii hata zinataka uwe nayo, juu zinadai Custom Shaders Patch, nyongeza ya nje inayoboresha muonekano wa gemu, ya toleo fulani kwenda juu na watu wengi wanaiweka wakipitia hapo hapo. Kenye kinaweza kukutoa kwa seva ni faili za gari zilizochezewa. Seva inalinganisha data ya gari na barabara yako na ya kwake, zikikosana hata kidogo unatupwa nje, hata kama wewe mwenyewe hujagusa kitu, ulishusha tu modi, yaani gari ama barabara ya kuongeza iliyotengenezwa na mashabiki, ya toleo lingine kutoka kwa mtu mwingine. Hapo dawa ni kutafuta modi ile ile ambayo mwenye seva anatumia, mara nyingi huwa ameacha linki kwa maelezo ya seva.

Hiyo shida yako ya "sina gari" ndio Content Manager inamaliza vizuri, juu kabla hujabonyeza inakuonyesha ni gari gani ama barabara gani hauna. Alafu unaweza kuchuja, ondoa seva tupu, ondoa zilizojaa, ondoa za paswadi, unabaki na chache za maana, zile unazipenda unaziweka kando ili kesho usianze kutafuta upya. Na kama orodha inaganda, mara nyingi ni rauta ya nyumbani imelemewa, manake programu inapigia seva nyingi pingi kwa mpigo na rauta ndogo haiwezi. Ingia kwa mipangilio upunguze idadi ya seva zinazopimwa kwa wakati mmoja. Itachukua muda kidogo zaidi lakini namba utakazoona zitakuwa za ukweli, juu rauta ikizidiwa hata seva ya karibu inaonekana ni kama iko mwezini.

Sasa pingi. Hapa nataka unisikize vizuri juu watu wanadanganyana sana: hakuna programu ya kutafuta seva inaweza kushusha pingi yako, inakusaidia tu kuchagua seva yenye pingi nafuu. Mwanga ndani ya faiba unaenda kama kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Nairobi mpaka London ni kama kilomita 6,800 ukipita angani moja kwa moja, kwenda na kurudi ni 13,600, gawanya na 200 unapata milisekunde 68. Hiyo ni kama waya ungekuwa umenyooka kabisa na hakuna mashine njiani. Lakini waya wetu unateremka kwanza Mombasa, unaingia baharini, unazunguka, kwa hivyo ukiona mara mbili ya hiyo ama zaidi usipigie kampuni ya intaneti makelele, hiyo ni umbali. Johannesburg ni kama kilomita 2,900 kutoka hapa, sakafu yake ni milisekunde kama 29, ndio maana nakuambia ukipata seva ya Afrika Kusini iko na watu ishike kwanza kabla ya ile ya Ujerumani yenye jina kubwa. Na usiwashe VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwa kompyuta ya mahali pengine, ukidhani utapunguza, kwa kawaida inaongeza safari tu.

Kwa nini inajalisha hivyo? Gari likienda 200 kwa saa linakula karibu mita 56 kila sekunde. Kwa milisekunde 150 limeshasonga mita 8 na kitu, hiyo ni karibu urefu wa magari mawili. Kompyuta yako inakisia tu mwenzako ako wapi, kwa hivyo ukimfuata mgongoni mkiingia kona unaweza kumgonga na kwa skrini yako hamjagusana hata. Ukiwa na pingi ya juu acha nafasi, kata kona ukiwa peke yako, wapite kwa barabara iliyonyooka. Wenye seva wengine wameweka kiwango, ukikipita inakutoa yenyewe, na wako na haki.

Swali: Mimi ni mzazi Donholm. Kijana wangu wa kidato cha pili anataka kuweka hiyo Content Manager kwa kompyuta ya nyumbani ambayo pia natumia kwa kazi, na Windows inaleta onyo jekundu. Nimkubalie?

Jibu: Mama, onyo peke yake halimaanishi ni virusi, Windows huonya kuhusu programu yoyote ambayo haijaizoea. Cha kuangalia ni imetoka wapi. Mwambie aishushe kwa mwenye kuitengeneza, sio linki iliyo chini ya video wala faili imetumwa kwa WhatsApp, manake mtu anaweza kufunga kitu kingine ndani na kuiita jina lile lile. Toleo la bure linatosha kabisa kuanza. Asimpe mtu paswadi ya Steam hata akiambiwa ndio ataingia seva ya wakali, seva haihitaji hiyo. Na juu kompyuta ni ya kazi pia, tafadhali mfungulie akaunti yake ya Windows isiyo na ruhusa ya msimamizi, tena mpangie bando, modi zingine za barabara kubwa zinakula gigabaiti kadhaa kwa mara moja na utashangaa intaneti imeenda wapi tarehe kumi.

Swali: Niko na cyber Umoja, mashine sita, nataka watoto wa mtaa washindane kwa Assetto Corsa hapa ndani bila kusumbuliwa na intaneti. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana sana mkubwa, na ningependa kuona cyber nyingi zikifanya hivi. Gemu inakuja na programu ya seva ndani ya folda yake, unaiwasha kwa mashine moja, kisha kwa Content Manager kuna sehemu ya seva za mtandao wa ndani, itatokea hapo. Kila mashine iwe na akaunti yake ya Steam yenye gemu halali, na magari na barabara za toleo moja, kwa hivyo nakili folda ya modi kwa flash kutoka mashine moja badala ya kila mtu kushusha ya kwake. Ukitaka watu wa nje waingie, fungua kwa rauta milango (port, namba ambazo data inapitia) 9600 ya TCP na UDP, hizo ni njia mbili za kutuma data, pamoja na 8081 ya TCP. Ikikataa kabisa usihangaike na rauta usiku mzima, kuna watoa intaneti wanaopea wateja wengi anwani moja ya nje, na hapo hakuna mlango wa kufungua. Uliza kwanza kama wanauza anwani yako pekee na ni pesa ngapi kwa mwezi. Na tumia waya, sio wayfai, hata kama mashine ziko meza moja.