Wachezaji wangu hawatoki gesti

SWALI: Shikamoo anti. Naongoza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kusimulia: wachezaji huigiza mashujaa, kiongozi huigiza watu wengine wote) kwa mara ya kwanza, kisa cha mji wa kubuni wa Phandalin. Mashujaa wa wenzangu waliingia gesti ya Stonehill Inn, wakaagiza bia, na hii ni Jumamosi ya pili hawajatoka. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza walipe! Kwa kanuni za mchezo za 2014, kikombe cha bia ni sarafu 4 za shaba, na chumba cha kawaida ni sarafu 5 za fedha kwa siku. Vyumba vyenyewe ni 6 tu, ghorofani. Vitano vijaze wachimba madini wanaokoroma.

Halafu yupo Toblen, mwenye gesti. Alikuja kutafuta madini, akagundua kuwa gesti anaijua kuliko sururu. Mimi humfanya afute meza ileile mara tatu huku akichungulia mlangoni, maana genge la wahuni liitwalo Redbrand linautesa mji. Asiseme kitu mpaka aulizwe, na akijibu ashushe sauti. Mezani kwangu kijana mmoja alisahau hata chipsi zake (nikazila mimi).

Wasipouliza? Redbrand wanne waingie bila hodi, wavute viti, wakae meza ya wenzako.