Kabla hujachagua koki za sensa, panda juu ukaangalie tenki

Naandikia wasanifu wenzangu, hasa nyie mnaoanza, na wenye majengo pia. Tangu korona kila mteja anataka koki za sensa, zile zinazojifungua zenyewe ukisogeza mkono, kwenye vyoo vya ofisi na maduka, hataki watu washike koki iliyoshikwa na mtu aliyetoka chooni, na mi namuunga mkono kabisa. Ila zinavyochaguliwa ndo inaniuma, mtu anafungua katalogi, anapenda shepu na rangi, anaiingiza kwenye BOQ (orodha ya vifaa na gharama za ujenzi), imeisha.

Mi naanza na presha. Ndani ya koki kuna valvu ndogo ya umeme inayofungua na kufunga maji, yenye mpira mwembamba, na huo mpira mara nyingi unategemea nguvu ya maji yenyewe ili ufunge vizuri. Koki nyingi zinataka angalau bar 0.5 (bar ni kipimo cha presha). Sasa piga hesabu, mita 10 za kimo cha maji ni kama bar 1, na tenki letu la juu ya paa unakuta limepita sinki la floo ya mwisho kwa mita 3 tu, yaani una bar 0.3 hata hujatoa kinachopotea kwenye mabomba. Hapo maji yatatoka kiunyonge au koki igome kufunga, ichuruzike usiku kucha mpaka tenki likauke. Kwa hiyo weka pampu ya kuongeza presha kwa floo za juu, au kama bajeti haipo weka zile koki za mkono mrefu za kufungua kwa kiwiko kama za hospitali, mikono inabaki safi na umeme hauhitajiki.

Halafu uliza maji yanatoka wapi. Hapa Dar majengo mengi yanachanganya maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na ya kisima, chumvi na mchanga humo humo. Kuna jengo koki zote zilikuwa zinatoa maji kiunyonge, mwenye jengo kashaanza kuulizia bei ya mpya, fundi akafungua moja mbele yangu, chujio lake dogo kama ukucha limejaa mchanga na magamba ya kutu, akalisugua kwa mswaki mkuukuu maji yakarudi palepale. Ndo maana nasisitiza chujio liwe sehemu mkono unafika, na kila koki iwe na valvu yake ya kufungia chini ya sinki.

Betri nazo, nyingi zinatumia AA 4, kwenye choo chenye watu wengi zinaisha haraka na hakuna aliyepewa kazi ya kubadilisha. Pitisha waya wa transfoma (inayoshusha umeme wa jengo ulishe koki) mapema kabla fundi hajabandika vigae, betri zibaki za akiba umeme ukikatika.

Na jamani, mchana watu wanatawadha kwenye hayo masinki! Koki fupi inayokata maji kila mkono ukisogea inawatesa sana, chagua yenye shingo ndefu na sensa inayorekebishika. Ijaribuni moja kwenye sinki lenyewe kabla ya kuagiza zote, sinki la stili linalong'aa linaweza kurudisha mwanga wa sensa koki ikajifungulia bila mtu.

Mwisho muulize muuzaji kama anauza valvu na sensa pekee. Akikwambia ikifa unanunua koki nzima, mi hapo huwa naaga.