Maswali na Majibu: Kupanga na Kuhariri Picha za Kidijitali

Msomaji wa Area C, Dodoma, anauliza: Simu yangu ina picha zaidi ya 9,000, zikiwemo za harusi, za shamba na nyingi nilizotumiwa kwenye makundi. Nianzie wapi?

Zihamishie zote kwenye kompyuta kabla hujafuta hata moja, kwa sababu picha inayofutwa kwa haraka kwenye kioo kidogo cha simu ndiyo hujutiwa baadaye. Kisha tenga ulizopiga mwenyewe na ulizotumiwa. Katika simu za Android, majina ya picha zilizopokelewa kwa WhatsApp huwa na herufi WA, hivyo ni rahisi kuzitambua. Zako zipange katika folda za miaka, na ndani ya kila mwaka weka folda za matukio ambazo majina yake yanaanza na mwaka, mwezi, kisha siku, kwa mfano "2023-08-12 Harusi Chamwino". Ukitanguliza siku, kompyuta itaiweka harusi ya tarehe 12 Agosti karibu na msiba wa tarehe 12 Januari, na mfululizo wa matukio utavurugika. Tarehe zenyewe zisikusumbue, kwani picha ya kidijitali hubeba ndani yake siku na saa iliyopigwa, mradi saa ya simu au kamera ilikuwa sahihi. Kisichoandikwa na kamera ni majina ya watu, na hilo nakusihi ulifanye mwaka huu, wakati wazee wanaowatambua waliomo pichani wangali nasi.

Mwalimu wa Kondoa anauliza: Niliwapeleka wanafunzi Kolo kutazama michoro ya miambani, lakini picha zimetoka na rangi ya buluu na michoro imefifia. Je, ni vibaya kuikoleza?

Si vibaya, Mwalimu, ila fanya hivyo kwenye nakala na uiache picha halisi kama ilivyo. Buluu hiyo inatokana na kivuli: chini ya mwamba jua halifiki moja kwa moja, na mwanga unaoingia ni ule wa anga. Katika programu ya kuhariri picha, sogeza kipimo cha joto la rangi, yaani kile kinachoielekeza picha kwenye buluu au njano, kuelekea njano mpaka jiwe lionekane kama mlivyoliona kwa macho, kisha ongeza kidogo tofauti ya mwanga na giza. Kukoleza rangi kuwe hatua ya mwisho, tena kwa kiasi, kwa sababu nyekundu ikizidishwa, doa la kawaida la jiwe litaonekana kama mchoro. Michoro ya Kondoa imo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, nayo ni ushahidi. Picha inayoongeza ambacho mchoraji hakukichora humpotosha mwanafunzi. Kumbuka pia kwamba picha ya JPEG, aina ya faili ya picha inayotumika sana, hupoteza ubora kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, kwa hiyo kila ukitaka kuanza upya, rudi kwenye ile halisi. Na asiwepo wa kuumwagia mwamba maji ili rangi ing'ae.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo anauliza: Kwa nini picha ninazomtumia mnunuzi kwa WhatsApp zinafika zikiwa hafifu?

Kwa sababu WhatsApp huzipunguza ukubwa ili zisafiri haraka. Zitume kama hati badala ya picha, nazo zitafika kama zilivyo.

Mpiga picha wa Mpwapwa anauliza: Kazi zote za wateja ziko kwenye diski moja ya nje. Inatosha?

Haitoshi hata kidogo. Wanaotunza picha kwa makini huweka nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na nakala 1 kati ya hizo hukaa mahali pengine kabisa. Sharti hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa, na mimi nililipuuza: kompyuta na diski yangu vilikuwa katika begi moja lililoibwa, na picha za mazishi ya bibi yangu zikaenda pamoja navyo. Diski ya pili ipeleke kwa ndugu mnayeaminiana, na kila baada ya miezi michache fungua faili kadhaa kuhakikisha zinafunguka. Kadi ya kamera usiifute kwa ajili ya kazi nyingine mpaka nakala za kazi iliyopita ziwe zimekamilika na umezikagua.